Tuulizane: Muswada wako na jarida la fasihi

Tangu majarida machache ya fasihi ya kanda yetu yaanze kutangaza kwamba yanapokea pia kazi za waandishi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, ukurasa huu umepata barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu anatumaje hadithi au shairi lake, na ana haki ya kutendewa nini huko anakotuma. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma miswada ya jarida dogo la jumuiya, jioni baada ya kazi, kwenye meza ya jikoni, kama wanavyofanya wahariri wengi wa majarida ya aina hii ambao hawalipwi hata faranga moja. Ninayojibu hapa ni mambo niliyoyaona nikiwa mpokeaji. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Mama Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba. Nimeandika hadithi ya kurasa tisa juu ya marehemu baba yangu, aliyefanya kazi ya shaba tangu ujana wake hadi alipostaafu. Niliiandika kama tunavyosema nyumbani. Jarida ninalotaka kulitumia liko Nairobi, nalo linataka Kiswahili sanifu. Najua Kiswahili chetu cha Lubumbashi ni kibovu, kwa hiyo rafiki yangu aliyesoma Dar es Salaam alinisaidia kuigeuza yote. Nilipoisoma tena, baba simwoni. Nitume ipi?

Mwalimu, umefanya vizuri kuniletea nakala zote mbili, kwa sababu swali lako lisingejibika bila kuziweka kando kwa kando. Katika nakala ya kwanza, baba anarudi kutoka zamu ya usiku, anavua viatu mlangoni, na mama anamwambia: “Bukari iko mu sahani, kula, kisha ulale.” Katika nakala ya pili mama huyo huyo anasema: “Ugali umo sahanini, kula kisha ulale.” Sentensi ya pili haina kosa la sarufi, lakini sijamsikia mama wa Katuba akiitamka, na hata msomaji wa Nairobi ambaye hajawahi kufika kwetu atahisi kwamba aliyesimama pale jikoni ni mgeni. Ndiyo maana baba humwoni. Waliokuwa wakizungumza naye wamebadilishwa.

Kabla ya kukuambia utume ipi, ninakuomba uliondoe moyoni neno hilo “kibovu”. Kiswahili sanifu kilichaguliwa na watu, mwaka na mahali panajulikana: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji na haikuwa na kiti katika kamati hiyo. Kiswahili cha kwetu kilikomaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi, sokoni na kanisani, vinywani mwa watu waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, ambao walihitaji kuelewana kabla king'ora cha zamu hakijalia. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na haisemi kwamba ni kile cha Unguja peke yake.

Tena kilikwisha kuandikwa. Mwaka 1965, hapa hapa mjini, watu waliokuwa boyi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, kwa Kiswahili wanachokisema wenyewe, kazi iliyokusanywa na André Yav na kupigwa taipu. Mtafiti Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, na ili aielewe ilimbidi ampate mzungumzaji wa Kiswahili hiki aisome kwa sauti, kwa kuwa tahajia yake ilikuwa ngumu kufuatwa kwa macho tu. Ninaitaja kazi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukuonyesha kwamba hutakuwa wa kwanza. Ya pili inahusu tahajia, na hapo ndipo nina ugomvi na nakala yako ya kwanza.

Katika ukurasa wa kwanza umeandika “batu”, katika ukurasa wa nne “bantu”, na katika ukurasa wa saba, pale unapoeleza mgomo, “watu”. Mhariri wa mbali hawezi kujua kama tofauti hizo zina maana au kama kalamu iliteleza, na akishakutilia shaka kwenye neno moja atakutilia shaka kwenye mengine yote. Chukua karatasi, andika maneno yote ya nyumbani uliyoyatumia, amua kila moja litaandikwaje, halafu upitie hadithi tangu mwanzo ukilinganisha neno kwa neno. Kazi hiyo itakula jioni mbili. Hakuna kazi nyingine itakayokusaidia zaidi ya hiyo.

Sasa, nakala ipi? Ushauri wangu ni kwamba uandike ya tatu. Msimulizi wa hadithi yako ni mwana aliyekuwa mwalimu, na mwalimu wa kwetu huishi katika Kiswahili viwili kila siku, kile cha kitabu anachokiandika ubaoni na kile cha uani anachoitia watoto chakula. Kwa hiyo mwache msimulizi aseme sanifu, tena sanifu iliyo nyepesi, na uwaache baba, mama na majirani waseme kama walivyosema. Usiweke tafsiri ya “bukari” chini ya ukurasa wala kwenye mabano. Mama akiisonga juu ya makaa, ikafuka mvuke, ikamegwa na kuchovywa kwenye sombe ya majani ya muhogo, kila msomaji wa Afrika ya Mashariki ataelewa kinacholiwa. Katika barua ya kuambatanisha ongeza sentensi moja tu: “Mazungumzo yameachwa kwa makusudi katika Kiswahili cha Lubumbashi.” Usiombe radhi. Mhariri akikujibu kwamba hawezi kuyapokea hivyo, mshukuru na utafute jarida jingine, kwa maana hadithi hii ikinyang'anywa sauti zake itabaki kuwa orodha ya zamu za kiwandani.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi, ninakaa Kampemba. Tangazo linasema hadithi isizidi maneno 3,000 na mashairi yasizidi matatu, lakini halisemi zaidi ya hapo. Nina simu tu. Nifanyeje muswada wangu uonekane wa mtu anayejua?

Tangazo likinyamaza, fuata desturi: karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12 zisizo na mapambo, nafasi ya mstari mmoja na nusu au miwili, namba za kurasa, na kichwa cha kazi juu ya ukurasa wa kwanza. Simu inatosha kwa kuandika. Kwa kumalizia, nenda kwenye duka la kompyuta kwa nusu saa, kwa sababu kuna makosa yasiyoonekana kwenye kioo kidogo. Tuma faili ambayo mhariri anaweza kuifanyia marekebisho, na uipe jina la kichwa cha kazi yako badala ya “hadithi mpya ya mwisho 2”. Jarida likisema kwamba miswada husomwa bila majina, basi jina lako lisiwemo ndani ya faili hata mara moja, hata kwenye shukrani. Liweke kwenye barua.

Kuhusu urefu, angalia kinachohesabiwa. Majarida mengi ya Kifaransa huhesabu alama, nafasi zikiwamo, na ukurasa wao wa kipimo, wanaouita feuillet, una alama 1,500. Ya Kiswahili huhesabu maneno, na hapo lugha yetu inatupa nafasi kubwa, kwa maana “nitakapokuandikia” ni neno moja ilhali Mfaransa anahitaji manne kulisema. Kwa hiyo hadithi ya Kiswahili ya maneno 3,000 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiijaze kwa kuwa tu nafasi ipo.

Mashairi yanataka uangalifu wa pekee. Niliwahi kuletewa shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kwa kila ubeti, lililobandikwa ndani ya ujumbe wa simu: mishororo ya mizani (silabi) 16 ilikuwa imekatika kwenye mizani ya kumi au ya kumi na moja, vina vya kati vimeangukia mwanzo wa mstari unaofuata, na beti sita zimekuwa rundo moja la maneno. Nilikaa jioni nzima nikihesabu mizani kwa vidole ili nilijenge upya, na shairi lilikuwa zuri, lakini ninakiri kwamba siku nyingine, nikiwa nimechoka, ningeliacha. Tuma mashairi kwenye faili, na pamoja nayo nakala ya PDF inayoonyesha umbo lake kama ulivyolikusudia, hasa kama ni shairi huru ambalo nafasi tupu zina kazi.

Barua ya kuambatanisha isizidi mistari minane. Taja jina lako, kichwa cha kazi, aina yake, idadi ya maneno, na kwamba haijachapishwa kwingine. Kisha maelezo mafupi juu yako, sentensi mbili au tatu. “Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaishi Lubumbashi, na hii ni kazi yake ya kwanza kutumwa” ni maelezo yanayotosha kabisa, na kwa upande wangu barua kama hiyo hunifurahisha kuliko ile yenye orodha ya vyeti. Usimweleze mhariri hadithi inahusu nini wala inafundisha nini. Aisome.

Jambo jingine ambalo limewaponza wengi ni saa ya mwisho. Jarida la Nairobi au Dar es Salaam likiandika kwamba linafunga saa sita ya usiku, hapa kwetu itakuwa saa tano, na huko Kinshasa saa nne. Ongeza uwezekano wa umeme kukatika, na utaona kwa nini ninakusihi utume siku mbili kabla.

Shairi langu nimeliweka kwenye Facebook mwaka jana, likapendwa na watu wengi. Je, bado ni jipya?

Kwa majarida mengi, hapana. Kilichowekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kukisoma huhesabiwa kuwa kimechapishwa. Kikundi cha familia cha WhatsApp kwa kawaida hakihesabiwi. Usilifute shairi ukanyamaza, kwa sababu wapo waliolihifadhi na siku moja watalitaja. Mwandikie mhariri ukweli kwa sentensi moja, uulize kama atalipokea. Baadhi hukubali.

Mama yangu Mhariri, ninauza nguo soko la Ruashi na usiku ninaandika. Mtu mmoja anayesema ana jarida amenipigia kwamba hadithi yangu imechaguliwa, lakini nitoe kwanza dola 30 za uchapishaji, na niweke sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba “haki zote” zinakuwa za jarida. Sitaki kupoteza nafasi hii. Nifanye nini?

Mama, usilipe na usitie sahihi. Ninaandika kwa ukali kidogo kwa sababu ninajua dola 30 ni nguo ngapi.

Jarida la jumuiya lina gharama za kweli, nami sitaki kukuambia kwamba kila anayetaja fedha ni mwizi. Wapo wanaowaomba waandishi wanunue nakala, kwa hiari, baada ya toleo kutoka. Huko Marekani majarida mengi hutoza kiasi cha dola 3 kwa kila muswada unaotumwa, na ada hiyo hutangazwa wazi kwa wote kabla hawajatuma chochote, nawe hulipi tena ukichaguliwa. Uliloombwa ni kinyume chake. Umeambiwa umeshinda, kisha ukaonyeshwa deni. Mwombe mtu huyo akuonyeshe toleo lolote lililokwisha kutoka, ulishike mkononi, na akupe njia ya kuzungumza na mwandishi mmoja aliyechapishwa humo. Akikasirika, umeshapata jibu.

Karatasi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa fedha hutafutwa tena. Hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika, na huhitaji kuiandikisha popote ili iwe yako. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inazilinda haki hizo maisha yako yote, na baada yako warithi wako wanazishika kwa miaka 50. Kuruhusu jarida lichapishe hadithi ni kama kumpangisha mtu chumba. Kutia sahihi kwamba haki zote ni zake ni kumwachia kiwanja pamoja na nyumba. Kesho redio ikitaka kuisoma hadithi yako, kikundi cha tamthilia kikitaka kuiigiza, au mtu akitaka kuitafsiri kwa Kifaransa, wewe uliyeiandika utalazimika kwenda kuomba ruhusa.

Jarida la kweli huridhika na maneno kama haya, ambayo unaweza kuyanakili na kuyatumia: “Ninaruhusu hadithi hii ichapishwe katika jarida hili mara moja, kwenye karatasi na kwenye intaneti. Haki nyingine zote zinabaki kwangu.” Likikuomba muda fulani wa kutoichapisha kwingine, miezi sita au mwaka, hilo si baya, mradi limeandikwa. Nakala moja ya makubaliano ibaki kwako, tena usiihifadhi kwenye simu pekee, maana simu huibiwa.

Umesema unaandika usiku baada ya soko. Nitumie hadithi hiyo kwa anwani ya jarida hili. Siahidi kuichapa, ila nitaisoma.

Nimengoja miezi saba bila jibu. Je, ninaweza kuituma kwingine? Na kama wameikataa, kwa nini wasiseme?

Baada ya miezi minne una haki ya kuandika mistari miwili ya adabu kuuliza. Mwezi mmoja ukipita tena bila neno, waandikie kwamba umeiondoa, kisha itume popote unapotaka. Kuituma kwa majarida mawili kwa wakati mmoja kunaruhusiwa na baadhi na kukatazwa na mengine, kwa hiyo soma tangazo, na ukikubaliwa na moja ulijulishe lile jingine siku hiyo hiyo.

Kwa nini hawasemi: wengi wetu ni watu wawili au watatu wenye miswada mia na zaidi mezani, na ninakiri kwamba kunyamaza ni kosa letu, wala uchache wetu hauliondoi kosa hilo. Jibu la “hapana” ni stahili ya kila mtu aliyetuma. Ila ukilipata, na chini yake mhariri ameongeza hata sentensi moja kuhusu kazi yako, jua kwamba ameiandika kwa muda wake wa kulala. Irudie sentensi hiyo baada ya wiki, hasira zikiisha. Mara nyingi huwa inahusu ukurasa wa kwanza, ambao waandishi wetu wengi huutumia kupasha sauti moto kabla hadithi haijaanza.

Bibi yangu yuko Likasi, hajui kusoma. Nimemrekodi kwenye simu akisimulia hadithi za zamani, nikaziandika. Je, nizitume kwa jina langu?

Zisitumwe kwa jina lako peke yako, mjukuu wangu. Hadithi za mapokeo hazina mwandishi mmoja, lakini simulizi uliyoirekodi ina mwenyewe: mahali alipochagua kunyamaza, wimbo alioukatiza katikati, ndege aliyemwiga kwa sauti, hayo yote ni kazi ya bibi, na wewe umefanya kazi ya kuandika na kupanga. Majarida yana namna ya kulisema hilo: “Imesimuliwa na”, kisha jina lake na mji wake, halafu “imeandikwa na”, kisha jina lako. Ukitaja pia mwaka uliomrekodi, watafiti watakushukuru.

Kwanza lakini umwombe ruhusa, na umweleze kwa ukamilifu kwamba watu asiowajua, katika nchi asizozijua, wataisoma. Wapo wazee wanaosimulia hadithi fulani kwa wajukuu tu, na zipo ambazo husimuliwa usiku peke yake. Kama mojawapo ni ya namna hiyo, iache. Usirekebishe Kiswahili chake, kwa sababu zilezile nilizompa mwalimu wa Katuba. Ukishamaliza kuandika, panda gari uende Likasi na karatasi zako, umsomee yote kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na kalamu iwe mkononi, maana atakusahihisha.